Ukusanyaji na Ubunifu wa Vifaa vya Uchoraji Mseto Shuleni: Mazingira ya Mpumudde, Jinja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwalimu wa sanaa anavyoweza kukusanya na kubuni vifaa vya kufundishia uchoraji mseto katika shule ambazo hazina fedha za kununulia vifaa vya dukani. Uchoraji mseto ni uchoraji unaounganisha rangi, karatasi, nguo, nyuzi na vitu vingine katika kazi moja. Mazingira yanayoangaziwa ni Mpumudde katika jiji la Jinja, mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba vifaa vinavyookotwa na kutengenezwa mahali hapo vina kanuni zake za utendaji, na mwalimu anayezielewa hufundisha sanaa, sayansi na lugha kwa wakati mmoja. Hata hivyo, makala yanaonya kwamba agizo la “kila mmoja alete vyake” huweza kuwatenga watoto walewale ambao ubunifu huo ulikusudiwa kuwasaidia. Kwa sababu hiyo, yanapendekeza ghala la pamoja la darasa.

1.0 Utangulizi

Somo la sanaa lina tatizo ambalo masomo mengine hayana kwa kiwango hicho. Mwanafunzi asiye na kitabu cha historia anaweza kumsikiliza mwalimu na kuandika anachosikia. Mwanafunzi wa uchoraji asiye na karatasi, rangi wala brashi hana la kufanya isipokuwa kuwatazama wenzake. Mwalimu anapoandika ubaoni orodha ya vifaa vinavyotakiwa wiki ijayo, kwa hakika anaandika pia orodha ya wale watakaohudhuria somo na wale watakaokaa pembeni. Mzazi anayelazimika kuchagua kati ya madaftari na kisanduku cha rangi huchagua madaftari, na hakuna awezaye kumlaumu.

Tatizo hili limepata uzito mpya nchini Uganda tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika mwaka 2020. Mtaala huo unasisitiza umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya, na unahesabu kazi anazozifanya darasani katika kipindi chote cha masomo. Katika utaratibu wa namna hiyo, mwanafunzi anayekosa vifaa hupoteza zaidi ya saa moja ya burudani, kwani hupoteza sehemu ya tathmini yake.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba walimu watumie vifaa vya mazingira yao. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Mwalimu huambiwa atumie udongo, majani na maboksi bila kuelezwa kwa nini rangi ya udongo hupukutika ikikauka, kwa nini karatasi hujikunja, au kwa nini picha iliyopendeza mwezi Februari huota ukungu kufikia Aprili. Matokeo yake ni kazi mbovu, na kazi mbovu humthibitishia kila mtu kwamba vifaa vya kuokota ni vya maskini tu. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo kwa kueleza kanuni zenyewe.

2.0 Mpumudde na Malighafi Zake

Mpumudde ni eneo la kilima lililomo katika Jinja, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020 pamoja na Mbale na miji mingine. Katika historia, eneo hili linajulikana kwa sababu ndipo alipofariki Kabalega, aliyekuwa Omukama wa Bunyoro, tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurejea nyumbani kutoka uhamishoni Shelisheli. Kwa mwalimu wa sanaa, eneo hili lina utajiri wa aina nyingine. Liko karibu na Ziwa Viktoria na Mto Naili, ndani ya mji wa viwanda, na limezungukwa na mashamba ya Busoga. Malighafi za ziwani, za mjini na za shambani hukutana hapa.

Kutoka shambani hupatikana maganda makavu ya shina la mgomba, unga wa muhogo, na makapi ya miwa, kwa kuwa upande wa mashariki wa Jinja kuna mashamba makubwa ya miwa ya Kakira. Kutoka kandokando ya maji hupatikana mafunjo, udongo wa mfinyanzi na, katika mwalo wa Masese, vipande vya nyavu zilizochakaa. Kutoka mjini hupatikana maboksi ya madukani, mifuko ya karatasi ya saruji kwenye maeneo ya ujenzi, vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani, unga wa mbao kwa maseremala na masalio ya sponji kwa watengeneza magodoro.

Kutumia malighafi kama hizi si jambo geni katika sanaa ya Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alitumia mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi za kung’aa za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei aliyoiweza. Mng’ao wa rangi hizo ukawa sehemu ya sifa za mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Nchini Uganda, msanii Sanaa Gateja amejulikana kwa kutengeneza shanga za karatasi zilizotupwa na kuzipanga juu ya kitambaa cha gome la mti. Mwaka 2022 kazi za Acaye Kerunen, anayetumia ususi wa nyuzi za mimea, zilioneshwa katika banda la kwanza la Uganda kwenye maonesho ya Venice nchini Italia, na banda hilo likapewa tajo la heshima. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Mpumudde anayebandika ganda la mgomba juu ya boksi anafuata njia iliyokwisha kupitwa na mabingwa.

3.0 Kanuni za Utendaji: Uso, Rangi na Gundi

Kila kazi ya uchoraji mseto, iwe ya vifaa vya dukani au vya kubuni, ina mambo matatu: uso unaobeba kazi, chembe zinazotoa rangi, na gundi inayozishikilia chembe hizo pamoja na vitu vilivyobandikwa. Kazi nyingi zinazoharibika huharibika kwa sababu jambo mojawapo kati ya hayo limesahauliwa.

3.1 Uso

Karatasi ya mfuko wa saruji ni miongoni mwa nyuso bora zinazopatikana bila malipo. Imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za mbao, hivyo haichaniki kwa urahisi hata ikilowa. Tabaka la ndani lenye vumbi la saruji litupwe na zile zilizobaki zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Boksi nalo hubeba vitu vizito zaidi, kama vile mchanga, vijiti na vitambaa.

Tatizo la nyuso hizi ni kujikunja. Karatasi inapopakwa gundi ya majimaji upande mmoja, upande huo hutanuka kwanza, kisha husinyaa unapokauka, na kuuvuta uso wote. Dawa yake ni kupaka gundi hiyohiyo upande wa nyuma, ili mivuto ya pande mbili ilingane, na kukandamiza kazi chini ya ubao usiku kucha. Mifuko ya plastiki iliyofumwa, ambayo hutumika kubebea nafaka, haifai kwa kazi hii kwa sababu rangi ya maji haishiki juu yake.

Kitambaa cha gome la mti, kiitwacho *olubugo*, kinastahili maelezo ya pekee. Hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa *mutuba*, ambalo hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likawa pana na laini. Mti wenyewe haukatwi: shina huviringishwa majani ya migomba ili gome lipate kuota tena. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Kitambaa hiki hupokea rangi na sindano vizuri. Hata hivyo, mwalimu akumbuke kwamba hutumika pia katika mazishi. Ni busara kuzungumza na wazazi na wazee kabla ya kukileta darasani, na mazungumzo hayo yenyewe ni sehemu ya somo.

3.2 Rangi

Udongo mwekundu wa Busoga hupata rangi yake kutokana na oksidi ya chuma, yaani kitu kilekile kinachofanya kutu iwe nyekundu. Rangi ya namna hii haipauki juani. Ili kuipata, udongo hupondwa, hukorogwa katika ndoo ya maji na kuachwa kwa muda mfupi ili mchanga utuame. Maji yenye rangi humiminwa polepole katika chombo cha pili, ambamo huachwa hadi kesho yake. Maji yaliyo juu yakishakuwa meupe humwagwa, na tope laini lililobaki chini huanikwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Unga unaopatikana ni laini kiasi cha kutosha kwa brashi.

Udongo wa manjano una faida ya ziada. Rangi yake hutokana na oksidi ya chuma iliyofungamana na maji. Ukichomwa juu ya kipande cha bati kwenye jiko la makaa, maji hayo hutoka na udongo hubadilika kuwa mwekundu. Kwa hiyo, kutokana na shimo moja la udongo, darasa linaweza kupata manjano, chungwa na nyekundu kwa kubadilisha muda wa kuchoma. Rangi nyeusi hupatikana kwa mkaa uliosagwa au masizi ya sufuria, na nyeupe kwa udongo mweupe au vipande vya chaki.

Rangi za mimea zinahitaji tahadhari. Binzari hutoa manjano ya kuvutia, na ikichanganywa na maji ya majivu hugeuka kuwa nyekundu ya hudhurungi, jambo ambalo huwafurahisha sana watoto. Lakini rangi hiyo hupauka haraka ikipigwa na mwanga. Mwalimu asiifiche kasoro hiyo. Awaambie wanafunzi wafunike nusu ya kipande kilichopakwa binzari na nusu ya kilichopakwa udongo, waviweke dirishani kwa wiki mbili, kisha walinganishe. Jaribio hilo linafundisha tofauti kati ya rangi za madini na za mimea kwa namna ambayo maelezo ya ubaoni hayawezi kuifikia.

3.3 Gundi

Unga wa rangi ukichanganywa na maji peke yake hupukutika ukikauka, kwa sababu maji huondoka na hakuna kinachobaki kuzishika chembe. Gundi rahisi zaidi ni uji wa muhogo. Unga hukorogwa kwanza katika maji baridi ili usifanye madonge, kisha humiminwa katika maji ya moto huku ukikorogwa hadi ung’ae na kuwa mzito. Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe sita hadi nane vya maji hutoa uzito unaofaa kubandikia. Ukiongezwa maji, hufaa kuchanganyia rangi.

Adui wa gundi hii ni unyevu. Katika mji wa kando ya ziwa, ukungu na mende huishambulia upesi. Karafuu chache zikichemshwa katika maji ya kupikia gundi husaidia kuzuia ukungu. Aidha, gundi itengenezwe ya siku moja tu, na kila tabaka lipakwe jembamba na kuachwa likauke kabisa kabla ya jingine. Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu, basi kiwe gundi nyeupe ya maseremala. Kopo moja likizimuliwa kwa maji hutosha kupaka tabaka la mwisho la kuhifadhi kazi za darasa zima.

Kiini cha yai ni gundi bora kuliko uji wa muhogo, na wachoraji wa Ulaya walikitumia kwa karne nyingi kabla ya rangi za mafuta kuenea. Lakini yai ni chakula. Mwalimu anayemwagiza mtoto alete yai la kuchorea anapaswa kujiuliza ni nani nyumbani atakayelala bila kulila.

4.0 Usalama wa Ukusanyaji

Si kila kinachopatikana bure kinafaa. Katika shule nyingi kulikuwa na desturi ya kufanya ubao uwe mweusi kwa kutumia unga wa betri kuukuu, na wanafunzi wengine huufikiria unga huo kuwa rangi nyeusi ya bure. Unga huo una manganizi, ambayo hudhuru ikivutwa puani, na masizi ya sufuria hutoa weusi uleule. Vumbi la saruji huunguza ngozi na macho. Rangi kuukuu za magari na za nyumba huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Oili chafu ya gereji haina nafasi darasani.

Kwa sababu hiyo, watoto wasitumwe kuchakura majalala, mahali ambapo sindano na vioo hufichika. Ukusanyaji ufanyike kwenye chanzo: kwa fundi cherehani kabla hajafagia, kwa mwenye duka kabla hajalitupa boksi, na kwa fundi mwashi kabla mfuko haujakanyagwa topeni. Njia hii ni salama zaidi, na hutoa vifaa safi. Pia humjengea mtoto tabia ya kuomba kwa adabu na kueleza anachokwenda kukifanya.

5.0 Haki katika Ukusanyaji

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, ingawa haionekani kwa urahisi. Mwalimu hudhani kwamba akishaacha vifaa vya dukani na kuagiza vya kuokota, basi wanafunzi wote wamekuwa sawa. Sivyo. Mtoto ambaye mama yake ni fundi cherehani ataleta vitenge vya rangi kumi. Mtoto wa mwenye duka ataleta maboksi safi. Mtoto anayeishi na bibi katika chumba kimoja, na ambaye baada ya masomo huchota maji na kuuza ndizi, atakuja mikono mitupu, au atakata kipande cha nguo ya bibi bila ruhusa ili asiadhibiwe. Agizo la “kila mmoja alete vyake” linakuwa ada nyingine, tena isiyo na stakabadhi.

Pendekezo la makala haya ni ghala la pamoja la darasa. Kwanza, ukusanyaji uwe kazi ya vikundi, ufanyike ndani ya saa za masomo, na kila kikundi kiwe na watoto wa mitaa tofauti. Pili, kila kinacholetwa kiingie ghalani bila kuandikwa jina la aliyekileta. Tatu, wanafunzi wenyewe wavipange vitu kwa sifa zake: laini na kwaruzo, vinavyonyonya maji na visivyonyonya, vyepesi na vizito. Nne, vifaa vigawanywe kwa kura au kwa zamu, si kwa mwenye kuleta. Tano, tathmini ipime jinsi mwanafunzi alivyovitumia vitu alivyopewa, pasipo kuhesabu wingi wala uzuri wa vitu hivyo.

Hatua ya tatu ina thamani ya pekee. Kupanga vitu kwa sifa zake ndiko kujifunza kuona. Mtoto aliyekwisha kutofautisha kwa vidole ganda la mgomba na funjo, au gunia na kitenge, amekwisha kuanza kuchora kabla hajashika brashi. Brashi yenyewe inaweza kutokana na kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au nyuzi za katani zilizofungwa kwenye mwanzi.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama lugha hii ina msamiati wa kutosha kwa masomo ya vitendo. Maelezo yaliyotangulia yanatoa sehemu ya jibu. Kuponda, kutwanga, kuchekecha, kuchuja, kutuama, kukoroga, kuzimua na kuanika ni maneno ya jikoni na shambani, lakini kila moja linataja hatua mahususi katika utengenezaji wa rangi. Mtoto aliyepika uji anayajua kabla hajaingia darasani.

Kwa upande mwingine, Kiswahili hakina sababu ya kuyakataa maneno ya wenyeji. *Olubugo* na *mutuba* hubeba ujuzi ambao tafsiri huupunguza. Mwalimu wa Mpumudde anayefundisha kwa Kiswahili, huku akiyaacha maneno hayo yasimame kwa jina lake, hukitajirisha Kiswahili cha Uganda na kumpa heshima fundi wa Kisoga au Kiganda ambaye ndiye bingwa wa kweli wa malighafi hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ukosefu wa vifaa vya dukani hauna budi kushughulikiwa kwa maarifa zaidi ya kuokota tu. Uso, rangi na gundi vina kanuni zinazoelezeka, na kanuni hizo zinaweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Mwalimu wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, atakuta udongo wa volkano na makapi ya kahawa mahali pa mafunjo na makapi ya miwa, lakini gundi yake itahitaji kuiva vilevile na karatasi yake itajikunja vilevile. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ualimu viingize utengenezaji wa rangi na gundi katika mafunzo kwa vitendo, na kwamba kila shule itenge kona moja, hata kama ni sanduku tu lenye kifuniko, iwe ghala la sanaa la wanafunzi wote. Siku ambayo mwalimu ataingia darasani na kufungua sanduku hilo badala ya kuuliza nani ameleta nini, hakuna mtoto atakayelazimika kukaa pembeni akiwatazama wenzake wakichora.